Mtaala, Rasimu ya Saba

Saa nane mchana, Luchelele, umeme umekatika,
na sisi sita tumeizunguka meza tukibishana
kama neno "uigaji" lina mabega ya kubeba shahada.
Dokta Kwilasa anasema linanukia ngonjera,
watoto wa darasa la tatu ndani ya koti la babu.
Anataka Uundaji wa Modeli na Uigaji wa Kikompyuta,
maneno saba, yakae kwenye cheti kama wageni wa heshima.
Naandika pembeni ya karatasi: tembo, msamba.
Nafuta.

Mwaka wa kwanza tumeushindilia hesabu hadi kooni:
kalkulasi, matriki, takwimu, kalkulasi tena.
Holo, aliyeajiriwa juzi, ambaye kiti chake bado kina nailoni,
anauliza, "Na ziwa wataliona lini?"
Anaonyesha dirishani, kana kwamba tumesahau lilipo.
Mwaka wa tatu, anajibiwa. Kozi ya hiari.

Nalikumbuka beseni la kufulia, uani kwetu, Kirumba.
Kopo la samli lililokatwa ndilo kivuko,
vizibo vya soda ndio abiria, kila kizibo watu kumi.
Baba alikuwa karani wa geti. Jioni
alirudi na idadi mbili: moja ya daftari,
nyingine aliinong'ona akivua viatu,
mama akasema "Ee," akaendelea kuchambua mchele.
Nilipakia ya daftari, kopo likaelea.
Nilipakia ya kunong'ona,
kopo likainama upande mmoja, polepole, kama mtu anayesinzia,
vizibo vikashuka chini vinameremeta.
Nilirudia. Nikarudia.
Sikumwambia mtu. Nilikuwa na miaka tisa,
nilidhani kosa ni la kopo.

Kufanya kosa si kosa, husema watu,
kosa ni kurudia kosa.
Basi kazi yetu hii ni ya wakosaji sugu:
tunarudia kosa mara elfu kumi kwa usiku mmoja,
tunabadilisha upepo, tunabadilisha mzigo,
tunamzamisha yule yule, na mwanawe, na gunia lake la mihogo,
ndani ya mashine, asubuhi tunafuta jasho na kuhesabu,
ili ziwa lisirudie hata mara moja.

Ndiyo maana nainua mkono.
Naomba kozi ya lazima, uniti tatu, mwaka wa kwanza.
Jina lake: Kukosea.

Kimya. Nzi anatembea juu ya bajeti.
Kisha Dokta Kwilasa anacheka, si kwa ubaya,
"Mzazi gani auze ng'ombe
mwanawe akasomee kukosea?"
Bwana Machumu wa udahili anakumbusha kuwa fomu ina kisanduku
cha Matokeo Tarajiwa, na lazima kijazwe.
Tunapatana: Uhakiki na Uthibitishaji wa Modeli.
Uniti mbili. Mwaka wa pili.
Nakubali, kwani ndani ya jina hilo refu
kuna nafasi ya kuficha beseni.
Wiki ya kwanza, naandika, mwanafunzi alete idadi mbili
za kitu kimoja, aeleze ni nani aliyemnong'oneza ya pili.

Umeme unarudi. Feni inajikohoza,
printa inatema kurasa za rasimu ya sita, ile tuliyoikataa,
hakuna anayejua kuizima.
Holo ameinuka, ameegemea dirisha.
Modeli yake, aliyoikesha wiki nzima,
ilisema magugu maji saa hizi yangekuwa Nyegezi.
Yako hapa chini, kijani, yametulia kwenye mawe,
korongo mmoja juu yake kama mwenye hati ya kiwanja.
Anatazama saa. Anatoa kalamu.
"Nimekosea kwa kilomita tatu na nusu," anasema,
kwa sauti ya mtu anayetaja uzito
wa mtoto aliyezaliwa alfajiri,
na anaandika.